Mbio za sakafuni za akili mnemba

Huku Leeds baridi imeanza kupungua ila koti bado halijarudi kabatini. Najua nimekaa kimya siku nyingi hapa kijiweni, na wengine mmeshaanza kuuliza kama nimehama mji. Sijahama. Leo nimerudi na hasira kidogo, kwa hiyo mashangazi mnaosoma mnisamehe mapema.

Hasira yenyewe ni hii. Kila wiki, kwenye lile kundi letu la ukoo la WhatsApp na kwenye simu yangu pia, napokea matangazo yale yale: akili mnemba imebadilika tena, ukilala leo kesho umeachwa! Wanaotuma ni nyie ndugu zangu, kwa nia njema kabisa, kwa sababu mnajua kazi yangu huku ni data. Mnauliza: kaka, hii mpya umeiona? Mjomba, mtoto asome ipi, ile ya mwezi uliopita au hii ya jana? Na sasa mambo yamefika kwenye mfuko. Mdogo wetu mmoja (simtaji, anajijua) anasoma takwimu, yuko mwaka wa pili, na anataka kuacha chuo aingie kozi ya wiki sita ya "ubingwa wa akili mnemba". Shilingi laki tisa. Familia imeombwa ichange, na mchango wangu ndio uliotajwa kuwa mkubwa, maana mbeba boksi wa Ulaya hakosi!

Sichangi. Si ubahili, wala sijasahau nilikotoka. Naandika sababu zangu hapa hadharani ili nisilazimike kuzieleza kwa simu mara kumi na moja.

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina undugu. Kuna mkutano wa kila mwaka wa watafiti wa fani hii ya kufundisha mashine, unaitwa NeurIPS. Mwaka 2017 uliletewa makala za utafiti zaidi ya 3,000. Mwaka 2024 zikawa zaidi ya 15,000. Mwaka 2025 zikapita 21,000, na zilizokubaliwa peke yake ni zaidi ya 5,000. Haya, zichukue hizo zilizokubaliwa tu, uzigawe kwa siku za mwaka: makala kama 14 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Na huo ni mkutano mmoja, ipo na mingine mikubwa kama huo. Hakuna binadamu anayesoma hivyo. Maprofesa wenyewe hawasomi hivyo. Kwa hiyo mtu anayewaambia atamfundisha kijana "kwenda sambamba na kila kipya" anawauzia kitu ambacho yeye mwenyewe hana.

Sasa tuulizane: hicho kipya ni kipya kiasi gani?

Ile njia ya kuchora mstari unaopita katikati ya nukta nyingi, ili makosa yakizidishwa kwa yenyewe na kujumlishwa yawe madogo kuliko ya mstari mwingine wowote, aliichapisha Mfaransa Legendre mwaka 1805 alipokuwa anatafuta njia za nyota zenye mkia. Seyyid Said alikuwa hajahamia Unguja! Na njia hiyo ndiyo ninayoitumia mimi kazini mara nyingi kuliko nyingine yoyote. Hizo "neva bandia" mnazotumiwa kwenye video kana kwamba zimetua jana kutoka mwezini, Frank Rosenblatt alizitangaza Marekani mwaka 1958. Magazeti ya wakati huo yaliandika kwamba karibuni mashine hiyo itatembea, itaongea, itaona na hata kujitambua. Mwaka 1958, ndugu zangu! Babu yetu alikuwa hajanunua hata redio. Mwaka 1969 Minsky na Papert wakaandika kitabu kuonyesha mashine ya namna ile isichoweza kufanya, hela za utafiti zikakauka, watu wakatawanyika. Mwaka 1986 Rumelhart, Hinton na Williams wakaonyesha jinsi ya kuzifundisha neva zilizopangwa kwa tabaka, kwa kurudisha kosa nyuma tabaka kwa tabaka. Hinton huyo huyo alipewa Nobeli ya fizikia mwaka 2024 pamoja na John Hopfield. Walipewa kwa kazi waliyoifanya miaka ya 1980. Sasa niambieni nani kaachwa hapo.

Najua mtasema, lakini kuna mambo yamebadilika kweli. Yamebadilika, sikatai, na mimi si mzee wa kukataa simu. Mwaka 2012 timu ya Toronto, huyo Hinton na wanafunzi wake wawili, ilishinda shindano la kutambua picha kwa tofauti kubwa mno: makosa yao yalikuwa kama 15 kwa mia, aliyewafuatia 26. Dunia ikashtuka. Lakini angalieni walishinda kwa nini. Muundo wenyewe ulikuwa wa ukoo wa kazi za Yann LeCun za mwaka 1989. Kilichoongezeka ni vipuri vya kompyuta vilivyotengenezwa kwa ajili ya michezo ya watoto, na picha milioni moja na laki kadhaa zilizokusanywa na Fei-Fei Li na wenzake, ambazo watu walikaa wakaziangalia na kuandika: huyu mbwa, hii meli, huu uyoga. Kazi ya kuchosha kuliko kupeta mchele. Hakuna kozi ya wiki sita inayotangaza kupeta mchele.

Kisha ikaja 2017. Watafiti wanane waliokuwa Google wakatoa makala iliyoleta kinachoitwa transfoma, na ChatGPT na nduguze wote wamejengwa juu yake. Wazo lake nawaelezeni kwa Kiswahili chetu. Sema "mkoba wa mama uliopotea". Halafu sema "mkoba wa mama aliyepotea". Hamkuhitaji kufikiri, si ndiyo? Ukisikia "uliopotea" akili inarudi kwenye mkoba. Ukisikia "aliyepotea" unaanza kumtafuta mama polisi. Transfoma inafanya jambo la namna hiyo kwa namba. Kila neno linayapima maneno mengine, lipi linanihusu zaidi na lipi halinihusu, linayapa uzito, kisha linachota maana kutoka kwa kila moja kwa kadiri ya uzito wake. Na kupima huko ni kuzidisha na kujumlisha majedwali ya namba, yaani zile matriksi mlizozichukia kidato cha nne. Aliyezielewa matriksi mwaka 2017 aliweza kuisoma makala ile kwa jioni mbili tatu. Asiyezielewa hataielewa hata leo, atazame video mia. Na tangu makala ile itoke mpaka ChatGPT kuwekwa wazi tarehe 30 Novemba 2022 ni miaka mitano na zaidi. Miaka mitano! Unamaliza shahada, unaoa, unapata na mtoto. Nani alikimbizwa hapo?

Wanaotukimbiza ni wauza hofu, basi. Na hofu inawashika hata matajiri. Tarehe 27 Januari 2025 habari za modeli ya Kichina, DeepSeek, zilifanya thamani ya kampuni ya Nvidia ianguke kwa karibu dola bilioni 600 kwa siku moja, watu wakauza hisa zao wakidhani mchezo umekwisha. Julai mwaka huo huo kampuni ile ile ikawa ya kwanza duniani kufika thamani ya dola trilioni nne. Kama watu wenye wachambuzi wa kulipwa wanababaika hivyo kwa habari ya asubuhi moja, mama yangu mdogo kule Muheza atapimaje tangazo la kozi?

Mimi utaratibu wangu ni huu, na unanitosha: kitu kipya nakipa miezi sita. Kikiwa bado kinatajwa na watu wanaofanya kazi (si wanaouza kozi), nakifungua. Vingi havifiki. Kuna programu iliitwa Theano, watu walijaza majina yao juu yake kwenye barua za kazi. Waliokuwa wanaitengeneza walitangaza mwaka 2017 kwamba wanaacha. TensorFlow ilipogeuzwa mwaka 2019, vitabu vingi vya toleo la kwanza vikawa vya kufungia karanga. Ila mtu aliyejua kinachofanyika chini ya kofia ya gari alihama bila shida, alibadilisha usukani tu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana hayo yote ni utangulizi.

Ugumu wa kazi hii hauko kwenye modeli. Uko kwenye kujua data yako imetoka wapi. Wakati wa Covid kila mtu mwenye kompyuta alikimbilia kufundisha mashine kutambua ugonjwa kwa picha za kifua. Mwaka 2021 jarida la Nature Machine Intelligence lilichapisha uchambuzi wa timu ya Cambridge na wenzao. Walikusanya tafiti 2,212, wakachuja na kuchuja zikabaki 62 za kusomwa kwa kina. Kati ya hizo, ngapi zilifaa kutumika hospitali? Hata moja. Sababu mojawapo itawachekesha kama haitawaliza. Wengi walichukua picha za wagonjwa wa Covid, ambao ni watu wazima, wakazilinganisha na mkusanyo wa picha za watu wasio na Covid uliokuwa rahisi kupatikana kwenye intaneti. Mkusanyo huo ulikuwa wa watoto wa mwaka mmoja mpaka mitano! Mashine ikafaulu mtihani vizuri mno, maana ilichojifunza ni kutofautisha kifua cha mtoto na cha mtu mzima. Hao hawakuwa wamechelewa. Walikuwa na mbinu za kisasa kabisa. Walichokosa ni mtu wa kuuliza, jamani, hizi picha ni za nani?

Mfano wa nyumbani huo hapo. Mwaka 2017 ilitoka makala kuhusu picha za mihogo zilizopigwa mashambani Tanzania, kama 2,700 hivi. Hawakuunda modeli mpya; walichukua iliyokwisha fundishwa kwa picha za kawaida, wakaifundisha tena kidogo kutambua batobato, michirizi kahawia na magonjwa mengine, ikapata 93 kwa mia. Walipoipeleka kwenye simu na kuijaribu shambani, makala yao ya mwaka 2019 inasema wazi kwamba ilishuka, hasa kwa majani yenye dalili hafifu. Na dalili hafifu ndizo mkulima anazozihitaji, maana jani likishaoza hata mimi nalijua! Waganda nao wakakusanya picha zao, nyingi zimepigwa na wakulima wenyewe bustanini, wataalamu wa mihogo wakaandika ugonjwa kwenye kila picha pamoja na maabara ya akili mnemba ya Makerere. Picha 21,367 zikawekwa kwenye shindano mwaka 2020, na watu wa dunia nzima wenye mitambo mikubwa wakashindana kuzitumia. Mmeona nani alikuwa na kitu adimu? Modeli zilikuwa za kushusha bure. Adimu alikuwa yule aliyeweza kuangalia jani akasema hii si batobato, huu ni upungufu wa mbolea.

Huku kazini kwangu (kampuni siitaji, bado nahitaji mshahara) tunakadiria bidhaa za kupeleka madukani. Tuliletewa mfumo mpya wa bei mbaya, wa kisasa kuliko kisasa. Ukatuangusha kwenye tende. Ulikuwa umejifunza kwamba tende zinanunuliwa kwa wingi mwezi wa Machi, kwa sababu mwaka 2023 Ramadhani huku ilianza tarehe 23 Machi. Mwaka uliofuata ikaanza tarehe 11, na 2025 mwanzoni kabisa mwa Machi, kwa hiyo watu wa Bradford na Leeds walishajaza makapu Februari, mfumo bado unasubiri Machi yake. Aliyetuambia tatizo ni mama mmoja wa Kisomali anayefunga mizigo ghalani, hajasoma kozi yoyote ya akili mnemba. Dawa ilikuwa safu moja tu kwenye jedwali: siku zilizobaki kufika Ramadhani. Tukaiweka kwenye ule mstari wa Legendre wa mwaka 1805, makadirio yakakaa sawa.

Hata wakubwa wanalijua hili. Netflix walitoa dola milioni moja mwaka 2009 kwa timu iliyoboresha makadirio yao ya filamu kwa asilimia 10. Baadaye wakaandika wenyewe kwamba mchanganyiko ule ulioshinda hawakuutumia, faida yake haikulingana na taabu ya kuuingiza kwenye mitambo. Na kwa data za majedwali, yaani safu na mistari kama daftari la duka, ambazo ndizo data za benki, zahanati na halmashauri nyingi, watafiti wa Ufaransa walilinganisha mbinu mwaka 2022 wakakuta miti ya maamuzi, ambayo asili yake ni ya miaka mingi, bado inazishinda neva za kisasa. Kuna nyingine inaitwa TabPFN, wenyewe waliandika mwaka 2025 kwamba inaishinda miti hiyo kwenye majedwali madogo. Vizuri sana. Anayelielewa jedwali lake ataijaribu kwa mchana mmoja na kujua kama ni kweli. Asiyelielewa atasubiri video.

Shemeji mmoja ameniandikia kwamba waajiri wanatangaza kazi wakitaka majina mapya mapya. Ni kweli wanatangaza. Mimi nimekaa upande wa pili wa meza kwenye usaili mara kadhaa sasa, na swali ninalouliza ni moja: nikikupa faili hili, utaanza wapi? Wanaotaja majina ya programu ni wengi. Wanaouliza faili limetoka wapi, nani kalijaza, na hizi sifuri ni sifuri kweli au mtu hakuandika, ni wachache, na hao ndio tunaowachukua. Majina mapya tunawafundisha Jumatatu.

Mwingine kasema, lakini siku hizi akili mnemba yenyewe inaandika programu, takwimu za nini? Ndiyo, inaandika, hata mimi naitumia kila siku. Inaandika haraka na kwa kujiamini, na ikikosea inakosea kwa kujiamini vile vile. Atakayelipwa ni yule anayeweza kuangalia jibu akasema hapa umechanganya watoto na watu wazima. Jicho hilo linatoka kwenye takwimu za mwaka wa pili, zile zile kijana anazotaka kuziacha.

Kwa hiyo msimamo wangu ndio huu. Laki tisa za kozi sitoi. Ada ya mwaka wa pili na wa tatu nitalipa sehemu yangu kila muhula, nimeshamwambia mama. Kompyuta ya mkononi ninayo moja ya zamani, itakuja na binamu anayerudi Julai, haina mwendo wa ajabu lakini inamudu. Kuna kitabu cha James, Witten, Hastie na Tibshirani cha kujifunza kwa takwimu, waandishi wenyewe wamekiweka bure kwenye intaneti, na toleo la Python lilitoka mwaka 2023. Nimeshamtumia. Akimaliza sura tatu za mwanzo, mazoezi yote, anipigie tuongee hayo mengine.

Na likizo hii asikae bure. Mjomba, mpe yale madaftari ya duka, kuanzia lile la jalada la kijani. Aingize kila mstari kwenye kompyuta: tarehe, bidhaa, kiasi, bei, na kama ni taslimu au mkopo. Halafu atuambie sukari inatoka zaidi miezi gani, na nani halipi mkopo mpaka mavuno. Zile kurasa zilizolowa siku paa lilipovuja aziache wazi na aandike kwamba zililowa. Asiweke sifuri, na asikisie.